Nisikilizie Kisima

4 Februari

Mjomba,

Shikamoo. Natumai barua hii itakukuta umekaa vizuri na miguu haijavimba tena. Sisi huku wazima, isipokuwa mgongo wangu, na mgongo wenyewe ndio ulioniandikisha barua. Mama hajambo. Amepunguza sukari kwenye chai kwa amri ya daktari, na ameongeza ukali kwa amri yake mwenyewe. Paka amezaa tena ndani ya kapu la mashuka safi, wanne, nami nimelazimika kufua kapu zima upya.

Sasa jambo lenyewe. Pampu ya kisima haileti maji. Jumanne iliyopita niliiwasha kama kawaida, nikaenda kuchochea moto wa kuchemshia mashuka. Nilirudi baada ya saa nzima nikakuta tangi la juu halijapata hata tone. Pampu inanguruma huko chini, mita ya umeme inazunguka, maji hakuna. Nimezima, nimewasha, nimekipiga kofi kisanduku cha swichi, nimeomba Mungu. Haikusaidia.

Unajua mashuka ya hospitali ndiyo yanayotulisha. Mwuguzi mkuu amenivumilia, lakini ameniambia wazi kwamba mwisho wake ni Machi. Nikizidi kuchelewesha, kazi itakwenda kwa dobi wa ng'ambo ya barabara, yule anayejisifia mashine. Kwa sasa nachota kwenye bomba la shule, madumu sita kwenye mkokoteni, safari kumi na moja kwa siku.

Kuna fundi hapa mtaani, watu wanamwita Pipa, na ukimwona hutauliza kwa nini. Anasema kisima kifunguliwe, mtu ashuke akatazame. Mama aliposikia hivyo aliinuka akaingia chumbani, akajifungia hadi jioni. Ndiyo maana nimeona nikuulize wewe. Pampu uliifunga wewe, na hata kama siku hizi unasuka nyaya za mota za watu tu, wewe ni fundi pampu. Au nikupigie simu? Posta wana simu ya kulipia. Niambie siku na saa utakayokuwa karibu na simu ya karakana, tumalize kwa dakika tano.

Mpwa wako,
Povu


13 Februari

Povu,

Marahaba. Mimi mzima wa kujikongoja. Chumba changu hapa nyuma ya karakana kimepakwa chokaa, sasa kinang'aa kama yai. Jirani mpya ana jogoo, na wapangaji wote wanalalamika kwamba anawika saa tisa usiku. Mimi hanisumbui.

Hukuandika kama mama yako ananisalimu. Labda ulisahau.

Simu, hapana. Ya karakana inakwaruza, na mambo ya pampu hayataki haraka. Andika.

Pampu haiharibiki kwa mkosi wala kwa jicho la jirani. Kama inanguruma na maji hayaji, ama kisima kimekauka, ama pampu inazunguka bure, ama maji yanapanda na kupotelea njiani. Tutajua ni lipi bila kufungua kitu. Kwenye mfuniko wa zege kuna tundu linalopitisha waya, ukubwa wa ngumi. Dondosha kokoto humo, uhesabu, uniambie limefika kwa sauti gani. Kisha asubuhi mapema, kabla mtaa haujaanza kelele zake, mtu awashe swichi nawe ulaze sikio kwenye tundu. Usiniandikie "inanguruma". Hata simba ananguruma. Niandikie sauti yenyewe ilivyo, hata kama utajiona unaandika upuuzi. Nisikilizie kisima, Povu. Masikio yako ndiyo yangu mpaka kazi hii iishe.

Mfuniko usifunguliwe. Mtu asishuke. Huyo Pipa mwambie asubiri.

Mjomba wako


22 Februari

Mjomba,

Shikamoo. Paka wamefumbua macho. Mimi mkono wa kulia umeota sugu mpya ya mkokoteni, iko juu ya sugu ya zamani ya kufua, kama mpangaji juu ya mpangaji. Kuhusu salamu, sikusahau. Nilimsomea Mama barua yako, akasema, "Mwambie nipo." Nimekuandikia kama alivyosema.

Kokoto: sikumaliza kuhesabu mbili, likalia chubwi. Maji yapo, Mjomba, yapo tele, na mimi nasukuma mkokoteni.

Sauti ni hizi. Dada jirani aliwasha, mimi nimelala kifudifudi juu ya zege. Kwanza tk, ya swichi. Halafu mmmmm, moja tu, haipandi wala haishuki. Kabla sijafika kumi, chini ya ile mmmmm ikaja shwaaa, kama mtu anayemwaga maji ya beseni na beseni haliishi. Tulipozima, shwaaa ikakatika, ikabaki to, to, to, mpaka kimya.

Nikiwa bado nimelala pale, Mama akatoka jikoni akaniona. Alipiga ukelele ambao sijausikia tangu msiba wa Baba. Alinivuta mguu, mama yangu wa miaka sitini na sita, akaniburuta kutoka kwenye mfuniko. Nilipomwuliza kuna nini, akasema, "Mkao huo mbaya kwa mgongo."

Najua Baba alishikwa na moyo humo ndani. Nilikuwa shuleni, niliambiwa, nikalia, nikarudi shuleni. Lakini ni miaka kumi na moja, na ugonjwa wa moyo haukai kisimani kumsubiri mwingine. Wewe unasema mtu asishuke. Mama anasema hivyohivyo kwa kuniburuta. Je, kuna jambo nisilolijua?

Na bado naona simu ingekuwa rahisi zaidi.

Povu


3 Machi

Povu,

Marahaba. Nimefurahi kusikia habari za paka. Hapa karakana tumepata mota ya mashine ya kusaga, imeungua yote, naisuka upya. Nitajua imepona kwa kuishika kwa kiganja.

Hongera. Umenisikilizia vizuri kuliko wanafunzi wangu wote. Mmmmm moja isiyopanda wala kushuka ni mota nzima. Chubwi ni maji. Shwaaa ni bomba lililoachia: pampu inasukuma maji, yakifika kwenye maungio yanatokea hapo na kurudi kisimani. Pampu yako inajichotea na kujimwagia mchana kutwa. Maungio yako pima nne chini ya mdomo. Nayajua kwa kuwa niliyaunga mimi, na niliyaunga vibaya. Siku ile mikono haikuwa yangu.

Dawa yake ni ndogo na yote inafanyika juu. Ondoeni mfuniko. Pampu inaning'inia kwa kamba, bomba halibebi kitu. Watu watatu: mmoja kamba, mmoja bomba, mmoja waya. Vuteni pamoja, polepole, kamba isiguse ukingo wa zege, maana ina miaka kumi na moja majini. Pampu ikitoka, badilisheni maungio na kamba, irudisheni. Hakuna sababu ya mtu kuweka hata mguu ndani. Narudia, hata mguu.

Swali lako la mwisho sikuweza kulisoma vizuri, wino ulikuwa umesambaa.

Mjomba wako


14 Machi

Mjomba,

Shikamoo. Wote wazima. Paka mmoja amechukuliwa na dada jirani.

Wino haukusambaa. Naandika kwa kalamu ya risasi, Mjomba. Tazama hata barua hii.

Niseme yaliyotokea. Nilimsomea Pipa maagizo yako neno kwa neno, akaitikia kila neno, kisha akafanya yake. Alivuta kamba peke yake kwa nguvu zote, ikasuguana na ukingo, ikakatika. Pampu ikaanguka, ikanasa kwenye ngazi ya vyuma, shibiri chache juu ya maji, imekaa upande. Nilipochungulia niliiona ikimetameta kidogo. Sasa lazima mtu ashuke akaifunge kamba mpya.

Pipa alijaribu. Alikwama kiunoni kwenye mdomo wa kisima kama kizibo, tukamvuta watu wanne. Ningecheka kama si mgongo. Kwa hiyo nitashuka mimi. Mimi ni mwembamba na mikono yangu inakamua mashuka ya wodi nzima, ngazi haitanishinda. Ni Jumamosi ya tarehe 23, saa nne asubuhi. Umeme mtaani umekatika, transfoma imeungua, hakuna anayejua utarudi lini. Pipa ataleta jenereta yake ili nipate taa na tuijaribu pampu papo hapo. Waya wake mfupi, kwa hiyo ataiweka pale pale mdomoni. Nikimaliza nitamwita, atanivuta.

Mama ameniambia nikishuka nisimwite mama tena. Sababu haitoi. Na wewe hutoi. Nyinyi wawili mmekula kiapo gani? Mimi si mtoto, nina miaka thelathini, na nimechoka kuagizwa na watu wanaotazama pembeni. Jana mwuguzi mkuu alikuja mwenyewe hadi uani, akahesabu mashuka yaliyo kwenye kamba, akaondoka bila kuaga. Machi inaisha. Kama una neno, ungelisema Februari.

Povu


TELEGRAMU. 21 Machi

KWA POVU NYUMBA YA DOBI
USISHUKE. JENERETA IWE MBALI NA KISIMA. BARUA YAJA. MJOMBA


21 Machi

Povu,

Leo sina salamu. Barua yako imefika saa tano. Nimekimbia posta kwa miguu hii hii, nimepeleka telegramu, sijui kama itakuwahi. Karani aliniuliza kitu mara mbili, mimi nikaona midomo tu. Nikamwandikia kwenye karatasi: peleka, peleka.

Mimi sisikii. Ndiyo sababu ya simu, na ndiyo sababu ya jogoo. Sikio la kushoto lilikufa kwanza, la kulia likafuata. Ni miaka thelathini ya kusimama kando ya mashine. Siku ya baba yako nilikuwa nimebakiwa na robo, nami niliificha. Fundi pampu anajua ugonjwa kwa kusikiliza, na asiyesikia ni sawa na mpishi asiyeonja. Nani angenipa kazi? Watu wakisema nami nilikuwa natazama midomo, nikibahatisha yaliyobaki, na wote wakaniona mwerevu. Lakini mtu aliye kisimani midomo yake haionekani.

Umeme ulikuwa umekatika, kama sasa. Waya wa jenereta ulikuwa mfupi, kama sasa. Niliiweka mdomoni mwa kisima. Baba yako alishuka kulifunga bomba kwenye ngazi. Mafundi wote niliowafundisha nimewafundisha jambo moja: aliye chini akitaka kutoka, atikise kamba mara tatu. Siku ile baba yako aliniambia, "Shemeji, nitakuita tu." Nikasema sawa. Nilitakiwa kumwambia, "Tikisa kamba, sisikii vizuri." Maneno manne. Aibu ilinishika, nikayameza.

Moshi wa jenereta ulijaa shimoni. Kamba ilipolegea nilidhani amejiegemeza anafanya kazi. Nikangoja. Nilipochungulia alikuwa amejikunja juu ya ngazi, kidevu kifuani. Nikawaambia watu ni moyo. Mama yako aliniuliza swali moja tu, "Hakukuita?" Nikamjibu, "Hakuita." Akanitazama, na tangu siku ile hajanisalimu. Wiki iliyofuata akaagiza nije nimalizie pampu, akisema kisima hakina kosa. Nikaja, nikaunga bomba mikono ikitetemeka, nikafunika, nikahama mji.

Ukweli ni kwamba sijui kama aliita. Hilo ndilo ninalolala nalo na kuamka nalo. Labda aliita, labda hakuita.

Kama barua hii itakukuta unaweza kuisoma, fanya hivi. Mwombe fundi chuma akupindie kulabu yenye meno matatu. Ngoja saa sita mchana, jua likiwa utosini. Mtu ashike kioo cha ukutani juani na kuutupa mwanga ndani ya kisima, utaona hadi chini kuliko kwa taa yoyote. Shusha kulabu kwa kamba mpya, naseni mpini wa pampu, mvute. Hapatahitajika jenereta wala mtu kushuka.

Usiponiandikia tena nitaelewa. Ila nakuomba mstari mmoja tu, kwamba uko juu ya ardhi.

Mjomba wako


30 Machi

Mjomba,

Niko juu ya ardhi.

Telegramu yako iliandikwa Povu, si jina langu kama kwenye bahasha, na tarishi alizunguka mtaa tangu Ijumaa akimtafuta Bwana Povu. Alikwenda hadi kwa dobi wa ng'ambo, akafukuzwa. Hakuna mtu mwingine duniani anayeniita hivyo, Mjomba, ulitaka nani amwelekeze? Jumamosi saa nne na robo alifika kwetu kubahatisha. Mimi nilikuwa nimekaa kwenye ukingo, kamba kiunoni, miguu yote miwili ndani. Jenereta ilikuwa inawaka hatua mbili kutoka nilipo. Nilimwona tarishi anapanua mdomo na sikusikia alichosema. Fikiria hilo.

Mama aliipokea karatasi, akaisoma. Akaiendea jenereta. Hajui kuizima, kwa hiyo aliipiga teke. Ikalala upande, ikakohoa, ikanyamaza. Pipa alishika kichwa kama aliyefiwa. Mama akaniambia neno moja, "Toka." Nikatoka.

Barua yako ilifika Alhamisi. Niliisoma mara mbili peke yangu nyuma ya kamba za mashuka. Nimekukasirikia, na sitakuficha, maana tumefichana vya kutosha. Nilinyimwa ukweli wa baba yangu mwenyewe kwa miaka kumi na moja, halafu mwezi mzima umeniandikia habari za chokaa na jogoo huku mimi napanga kukaa pale pale alipokaa. Ungesema Februari. Hasira hii sijui itakwisha lini, na nakuomba usiniharakishe.

Kisha nikampa Mama aisome. Alisoma taratibu, akaikunja. Halafu akasema, "Kiteremshe kile kioo cha chumbani."

Alikishika mwenyewe. Miaka yote hii hakukaribia kisima hata kwa kufagia, isipokuwa kuja kunitoa mimi, na jana saa sita alisimama pale juani, miguu ameitanua, akipeleka mwanga ndani bila mkono kucheza. Niliiona pampu wazi kabisa, niliona hadi kutu ya ngazi. Kulabu ilinasa mara ya tano. Tukavuta watatu, polepole, na safari hii Pipa alisikia. Maungio tumebadilisha, kamba ni mpya. Umeme ulirudi jana jioni.

Sauti ni hizi, maana najua unazingoja. Tk. Mmmmm. Kimya kidogo. Kisha juu, ndani ya tangi, si kisimani, tatatata, kama mvua ya kwanza juu ya bati, halafu dududu, halafu hakuna tena sauti, maji yanajaa tu. Leo nimepeleka mashuka yote hospitali. Mwuguzi mkuu ameyanusa, akanipa mengine.

Mama anataka kalamu. Namwachia.

Povu


Mdogo wangu,

Unasema hujui. Mimi najua. Aliita, mara tatu. Nilikuwa jikoni nakoroga chungu, nikamsikia juu ya kelele za mashine. Nikajiambia, mdogo wangu yuko pale pale, na yeye husikia hata punje ya mchanga ikizunguka ndani ya mota. Nikaendelea kukoroga. Uliposema hakuita nilijua ni uongo. Nikaamini ulisikia ukapuuza, nikakuchukia. Ilikuwa rahisi kukuchukia wewe kuliko kumwambia mtu kwamba mimi nilisikia nikabaki jikoni.

Kumbe wewe hukusikia. Aliyesikia ni mimi.

Nimechoka kulibeba hili peke yangu, na nadhani nawe umechoka na lako. Panda basi uje. Ukifika usibishe hodi, maana hutasikia tukikukaribisha. Sukuma mlango, uingie.

Dada yako